UZI: Mpasuko wa ardhini ni njia ya maji au ni ukuta? Tuzungumze majimaji, madini na miamba inayogandishwa

Jiwe la Mto

Wakuu, salaam.

Mjadala wa visima, migodi au matetemeko ukishafika kwenye mipasuko, watu hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema mpasuko ni mfereji: toboa hapo, maji yapo. Ya pili inasema ni ukuta: ndani mmejaa udongo laini, hakuna kinachopita. Mimi naona kambi zote mbili zina ushahidi halali, ila zinajibu swali ambalo halijakamilika. Kabla ya kujibu lazima uulize maji yanataka kwenda upande gani, na mpasuko huo uko wakati gani katika umri wake. Nitaeleza kwa urefu, wenye haraka mniwie radhi.

Ninaposema mpasuko nina maana ya pale miamba ilipokatika na upande mmoja ukasogea kuupita mwingine. Nyufa ni mikatiko midogo ambayo pande zake zimeachana tu. Kwenye ramani mpasuko huchorwa kama mstari mmoja, lakini ukiusogelea ni ukanda mzima. Katikati kuna kiini, ambamo karibu mwendo wote ulifanyika. Huko mwamba umesagika hadi kuwa unga, mara nyingi wenye udongo wa mfinyanzi ndani yake. Kiini kinaweza kuwa cha sentimita chache au mita kadhaa. Pande zake mbili kuna ukanda wa nyufa, ambao kwenye mipasuko mikubwa hufika makumi hata mamia ya mita, na nyufa zinapungua kadiri unavyokwenda mbali hadi unafika mwamba mzima. Jonathan Caine, James Evans na Craig Forster waliipanga picha hii vizuri mwaka 1996, na bado ndiyo inayotumika.

Sasa tazama upenyevu, yaani wepesi wa maji kupita ndani ya mwamba. Tangu Henry Darcy alipochapisha majaribio yake ya maji na mchanga mwaka 1856 tunajua jinsi ya kuupima. Mchanga safi unaweza kuuzidi unga wa mfinyanzi wa kiini mara milioni moja au zaidi. Kwa hiyo maji yanayotaka kukatiza mpasuko kutoka upande mmoja kwenda wa pili yanagonga kiini na kukwama, huku maji yanayotaka kupanda au kushuka sambamba nao yanapata ukanda wa nyufa na kupita kwa raha. Mpasuko ule ule, siku ile ile, ni ukuta kwa haya na mfereji kwa yale.

Mfano ninaoupenda uko Uden, Uholanzi, kwenye mpasuko wa Peel. Pale ardhi ya upande wa juu ndiyo yenye majimaji, na ya upande wa chini ndiyo kavu. Kinyume kabisa cha unachotarajia. Maji ya ardhini yanateremka polepole, yanafika kwenye mpasuko, yanashindwa kukatiza kwa sababu udongo wa mfinyanzi umeburutwa na kupakwa ndani yake, basi yanapanda na kuchuruzika juu upande ule ule yalikotoka. Na yanakuja na chuma kilichoyeyuka. Yakikutana na hewa, chuma kinageuka kutu na kugandia mchangani, na mitaro ya eneo hilo ina maji ya rangi hiyo.

Hapo tumemaliza la upande. La wakati ndilo linaloletwa na madini, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

---

Kidato cha Sita

Mkuu nimekupata hadi hapo. Swali la mwanafunzi: hayo madini yanayogandisha yanatoka wapi? Na kwa nini yagande kwenye mpasuko badala ya kuganda popote tu?

---

Jiwe la Mto

Hapo ndipo penye utamu, na penye hesabu pia.

Maji ya ardhini yamebeba vitu yalivyoviyeyusha njiani: kalisi, silika, chuma, bikaboneti na vingine. Maji yakiwa yameshiba kitu fulani, badiliko dogo la joto, presha au gesi linatosha kuyafanya yakitue. Kinachotuliwa kinashika kwenye chembe za mchanga au kuta za ufa, na hicho ndicho tunachokiita saruji ya mwamba. Zinazoonekana sana ni mbili, kalsaiti (madini ya chokaa) na kwatzi (madini ya silika), na tabia zao ni za kupingana.

Kwatzi huyeyuka zaidi maji yakiwa moto. Kwa hiyo maji ya moto yanayopanda kwenye mpasuko na kupoa yanaiacha njiani. Kalsaiti ni kinyume, maji yakipata joto inapungua kuyeyuka, ndiyo maana birika hushika ukoko mweupe. Ila kalsaiti ina bwana mwingine, nayo ni hewa ukaa. Maji yenye hewa ukaa nyingi chini ya presha hubeba kalsaiti nyingi; presha ikishuka gesi inatoka, na kalsaiti inaganda papo hapo, hata kama maji yamepoa. Hivyo maji yanayopanda yanaweza kuacha kwatzi kwa sababu ya kupoa na kalsaiti kwa sababu ya kupoteza gesi, na ukikuta yote mawili kwenye ufa mmoja usishangae.

Joto lina kazi nyingine pia. Kwatzi hukua kwa uvivu mno chini ya nyuzi joto 70 hadi 80 hivi, kwa hiyo katika mchanga uliofukiwa kina kifupi usitegemee saruji nyingi ya kwatzi, isipokuwa maji ya moto yamepandishwa pale. Kalsaiti haina masharti hayo, hujenga hata karibu na uso wa ardhi. Tena kwatzi inapenda sehemu safi ya kushika. Chembe iliyovunjika karibuni ina uso mpya na saruji hukua juu yake haraka. Chembe iliyofunikwa na utando wa mfinyanzi hukataa saruji kwa mamilioni ya miaka. Ndani ya mpasuko chembe zinavunjwa kila mara, kwa hiyo nyuso mpya hazikosekani. Hilo ni jibu la kwanza la kwa nini pale.

Jibu la pili ni wingi wa maji. Tufanye hesabu. Chukua mita moja ya ujazo ya mwamba wa mchanga ambao asilimia 20 ni nafasi tupu. Kujaza nafasi hiyo kwa kalsaiti yote unahitaji kama kilo 540. Tuseme kila lita ya maji inayopita inaacha miligramu 50. Utahitaji karibu lita milioni 11, yaani nafasi zile zijazwe maji na kumwagwa zaidi ya mara 50,000. Kwa mita moja tu ya ujazo! Mwamba wa kawaida ambao maji yanatambaa ndani yake hauwezi kupata maji hayo kwa muda wa maana. Panapokusanya maji ya eneo kubwa na kuyapitisha kwenye upenyo mwembamba ni kwenye mpasuko. Ukiona saruji nene pembeni ya mpasuko, unaangalia ushahidi kwamba maji mengi sana yalipita hapo zamani, hata kama leo ni pakavu kama mfupa.

Nikisema hivyo sina maana kwamba kila saruji ililetwa kutoka mbali. Nyingine huyeyuka sentimita chache kutoka hapo, pale chembe zinapobanana, na kuganda kwenye nafasi jirani. Kipimo cha isotopu za kaboni na oksijeni, yaani atomu za aina moja zinazotofautiana uzito, husaidia kutenganisha hizo mbili.

---

Mzawa wa Mgodini

Mkuu, kwenye kwatzi umenigusa. Sisi huku chini kazi yetu ni kufuata jiwe jeupe. Lakini si kila jeupe. Mshipa wenye mistari myembamba myeusi katikati ya weupe mara nyingi ndio unaolipa. Ule mweupe pe, mnene, bila mistari, tunaupiga kwa mashaka. Sababu yake ni nini?

---

Jiwe la Mto

Mistari hiyo ni kumbukumbu ya kufunguka na kufunga. Ufa unafunguka kidogo, maji yanaingia, madini yanaganda na kuuziba. Baadaye unafunguka tena, mara nyingi kwenye mpaka wa kwatzi na ukuta wa mwamba, unachuna utando mwembamba wa mwamba mweusi, na kuzibwa tena. Ukirudia hivyo mara nyingi unapata mshipa wenye kurasa. John Ramsay aliueleza utaratibu huu mwaka 1980, na ukitazama mshipa wa namna hiyo kwa hadubini unaona tabaka baada ya tabaka, kila moja tukio lake.

Kinachoufungua ni presha. Uzito wa miamba unaongeza karibu megapaskali 27 kwa kila kilomita unayoshuka, uzito wa maji peke yake karibu 10. Kama maji yana njia hadi juu, presha yake itakuwa ile ya 10. Lakini saruji ikifunga njia zote, maji yanayosukumwa kutoka chini yanakosa pa kutokea na presha inapanda kuelekea ile ya miamba. Hapo maji yanaanza kubeba mzigo uliokuwa umebebwa na mawe, msuguano kwenye mpasuko unapungua, na siku moja unateleza. Kuteleza kunavunja saruji, njia inafunguka, maji yanaruka juu kwa nguvu, presha inaporomoka, madini yanaganda, njia inafungwa. Kisha inaanza upya. Mwaka 1988 Richard Sibson, François Robert na Howard Poulsen waliitumia hoja hii kueleza mishipa ya dhahabu kwenye mipasuko iliyosimama wima kiasi kwamba isingeweza kuteleza bila presha kubwa ya maji kuisaidia. Sibson aliufananisha mpasuko wa aina hiyo na vali.

Dhahabu inaingia hapa. Katika maji hayo husafiri ikiwa imeshikana na salfa. Presha ikianguka ghafla maji yanachemka au kuachana na gesi zake, hidrojeni salfaidi, gesi yenye salfa hiyo, inatoroka, dhahabu inabaki haina wa kuibeba, inaanguka. Mwaka 2013 Dion Weatherley na Richard Henley walikokotoa kwamba katika vipinda vya mpasuko, ambako tetemeko hutanua nafasi kwa ghafla, maji yanaweza kugeuka mvuke mara moja na kuacha kila kilichokuwa ndani. Kiasi cha tukio moja ni kidogo sana. Ndiyo maana mshipa uliorudiarudia una nafasi nzuri zaidi kuliko uliojazwa mara moja, na nyinyi mmeliona hilo kwa macho. Wala si sheria ya kila mahali, kwa sababu maji yasiyo na dhahabu yakirudi mara elfu hayataleta dhahabu.

---

Mzawa wa Mgodini

Nimeelewa vizuri mkuu. Kuanzia leo nikiona mistari nitaihesabu.

---

Pima Kwanza

Sijakubali bado. Umesema saruji inafunga nyufa, maana yake inarudisha uimara. Basi mpasuko uliogandishwa vizuri ungekuwa mgumu kuliko mwamba wa pembeni na usingevunjika tena. Mbona matetemeko yanarudi palepale?

---

Jiwe la Mto

Nafurahi umelileta hili, kwa sababu ndilo lenye mjadala wa kweli.

Kwanza, kupona kupo, na kumepimwa kwenye mipasuko hai. Tetemeko la Kobe, Japani, la Januari 17, 1995 liliutelezesha mpasuko wa Nojima. Wanasayansi walitoboa kisima hadi kwenye mpasuko wenyewe wakasukuma maji ndani mwaka 1997, wakarudia 2000 na 2003. Kila waliporudi, mwamba ulikuwa mgumu kupitisha maji kuliko mara iliyotangulia. Nchini China, baada ya tetemeko la Wenchuan la Mei 12, 2008, kisima kilichotobolewa hadi kwenye mpasuko kilifuatiliwa kwa njia ya ustadi sana: mvuto wa mwezi na jua hupandisha na kushusha maji ya kisima kidogo kidogo kila siku, na jinsi maji yanavyochelewa kuitikia inakuambia upenyevu wa mwamba. Katika mwaka mmoja na nusu upenyevu ulionekana kushuka, ila ukawa unarukia juu mara kwa mara mawimbi ya matetemeko ya mbali yalipopita. Kwa hiyo kovu linafunga, na linachanuka tena kirahisi.

Pili, uimara wa saruji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni namna mwamba unavyovunjika. Mchanga ambao haujagandishwa, wenye nafasi nyingi, ukibanwa haupasuki. Chembe zinajizungusha, zinabanana, nyingine zinasagika, na unapata mikanda myembamba iliyoshikamana ambayo maji yanapita kwa shida kuliko mchanga unaoizunguka, wakati mwingine mara mia au elfu moja. Ukishaugandisha mchanga huo huo kwa kalsaiti au kwatzi, unakuwa mgumu lakini mwepesi kupasuka. Ukibanwa tena haujikunji, unapasuka, na nyufa zake ni wazi. Mabadiliko hayo yanasomeka kwenye mawe ya mchanga kando ya mpasuko wa Moab, Utah, Marekani: mikanda iliyosagika ilikuja mapema, nyufa za wazi zikaja baadaye, na saruji nyingi ya kalsaiti imejikusanya pale vipande vya mpasuko vinapokutana au kukatana, ambako nyufa ni nyingi.

Naomba tukae hapa kidogo. Saruji iliyoziba maji leo ndiyo inayompa mwamba tabia ya kupasuka kesho na kupitisha maji. Watu wengi wakiona mpasuko umejaa kalsaiti wanaandika "umefungwa" na kuendelea na safari. Kwa siku hiyo ni kweli. Lakini wameuandika mwamba ambao sasa ni mwepesi zaidi kupasuka, ambao ukiguswa na presha mpya utatoa nyufa ambazo mchanga ule laini wa mwanzo usingezitoa. Mimi nasema hukumu ya "umefungwa" bila kutaja presha ya sasa na mkazo unaoukabili mpasuko haifai kuwekwa kwenye ripoti yoyote.

Kuhusu kurudi palepale: wakati mwingine hayarudi. Kiini kikigandishwa sana, mtelezo unaofuata unahamia pembeni, na ndivyo ukanda unavyopanuka kwa vizazi vingi. Lakini mara nyingi kuna uso mmoja dhaifu wenye mfinyanzi ambao saruji haikuufikia, na huo ndio unaochagua.

---

Pima Kwanza

Hapo kwenye presha mpya ndipo panaponikereketa. Una ushahidi wa watu kuingiza presha na mpasuko wa zamani kuamka, au ni nadharia?

---

Jiwe la Mto

Upo, na ni wa miaka mingi. King Hubbert na William Rubey waliandika mwaka 1959 jinsi presha ya maji inavyopunguza msuguano kwenye mipasuko. Miaka michache baadaye, mwaka 1962, kisima cha zaidi ya mita 3,600 kilianza kutumika karibu na Denver, Marekani, kumwaga maji machafu kutoka kiwanda cha silaha za kemikali cha jeshi. Matetemeko yakaanza. Umwagaji ulisimamishwa Februari 1966, lakini makubwa zaidi yalikuja 1967, kwa sababu presha ilikuwa bado inasambaa ndani ya miamba. Sikiliza hilo vizuri: pampu ilikuwa imezimwa.

Kisha watafiti wa idara ya jiolojia ya Marekani walifanya jaribio la makusudi kwenye uwanja wa mafuta wa Rangely, Colorado, kati ya 1969 na 1973. Walipandisha presha, matetemeko yakaongezeka, wakaishusha, yakapungua. Na mwaka 2016 Pawnee, Oklahoma, ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.8 katika eneo lililokuwa likimwagiwa ardhini maji ya chumvi ya visima vya mafuta. Mipasuko iliyoamka mingi haikuwa hata kwenye ramani. Ilikuwa imetulia kwa muda mrefu mno.

---

Bi Nyundo

Naomba niongezee upande wa uwandani, maana hapa tumeongea mengi ya presha na kidogo ya mawe yenyewe.

Ukifika kwenye mpasuko uliochomoza, usikimbilie kiini. Tembea kutoka mwamba mzima kuelekea kwenye mpasuko na uangalie saruji inaanzia wapi. Tone la asidi hafifu ya hidrokloriki litakuonyesha kalsaiti mara moja kwa kutoa povu. Angalia rangi. Mchanga mwekundu una utando wa kutu kwenye chembe zake. Maji yasiyo na oksijeni, yenye mafuta au gesi, yakipita yanachukua chuma na kuuacha mchanga mweupe. Utah kuna miamba mingi myekundu iliyopauka kwa ukanda kando ya mipasuko, na ukanda huo ndio ramani ya njia maji hayo yalikopita.

Kisha umbo la saruji. Huko New Mexico, kwenye mpasuko wa Sand Hill, Peter Mozley na Laurel Goodwin walisoma mabonge ya kalsaiti yaliyorefuka ndani ya mchanga wakachapisha mwaka 1995. Urefu wa mabonge unafuata upande maji yalikokuwa yakielekea, kwa sababu bonge linakua kufuata mkondo. Ukipima mielekeo ya mabonge ya kutosha, unapata mwelekeo wa maji ya enzi ambayo hakuna binadamu aliyeyapima. Na saruji haikugawanywa sawa: tabaka za mchanga mkubwa zimegandishwa sana, za mchanga mwembamba na tope kidogo au hazikuguswa. Maji hufuata mkondo, na madini yanafuata maji.

Na umri unapimika. Kalsaiti inapoganda inachukua urani kidogo lakini karibu haichukui thoriamu, kwa hiyo thoriamu utakayoikuta baadaye imezaliwa humo humo na urani hiyo, na unahesabu miaka, hadi kama laki tano. Kwa kalsaiti kongwe zaidi tunatumia urani na risasi. Kwenye mpasuko wa Loma Blanca, huko huko New Mexico, Randolph Williams, Goodwin na wenzao walichapisha mwaka 2017 kumbukumbu ya matetemeko inayozidi miaka 400,000 kwa kupima mishipa ya kalsaiti. Kila presha ilipoporomoka hewa ukaa ilitoka na kalsaiti ikaganda, hivyo kila mshipa ni tarehe. Mitaro ya kawaida ya kuchimbua matetemeko ya kale kwa nadra inafika huko nyuma.

Kwa hiyo ndugu yangu Jiwe la Mto anaposema "wakati gani", si swali la kufikirika tu. Linajibika maabara.

---

Jiwe la Mto

Dada Bi Nyundo, umenitua mzigo. Niongeze moja tu: vitone vya maji vilivyonaswa ndani ya fuwele. Kila kitone kina kiputo. Ukikipasha moto kiputo hupotea kwenye joto ambalo ni la chini kabisa linalowezekana wakati wa kunaswa. Ukikuta joto kubwa kuliko lile la miamba ya jirani kwa kina hicho, basi maji yalipandishwa haraka kutoka chini. Haya yanatokea hata leo. Kwenye mpasuko wa Alpine, New Zealand, kisima kilichotobolewa mwaka 2014 hadi karibu mita 900 kilikuta joto likipanda kwa wastani wa nyuzi 125 kwa kilomita, ilhali kawaida ya maeneo mengi ni 25 hadi 30. Sehemu ya joto hilo imepandishwa na miamba yenyewe inavyoinuliwa haraka, na sehemu na maji yanayozunguka kwenye nyufa za milimani.

---

Hewa Safi

Swali fupi. Kuna mipango ya kufukia hewa ukaa ardhini. Kama hewa ukaa huleta kalsaiti, je, si itajifungia yenyewe ikivujia kwenye mpasuko?

---

Bi Nyundo

Kwa sehemu, na si kwa uhakika wa kuegemea. Tazama Crystal Geyser karibu na Green River, Utah. Ni kisima kilichotobolewa mwaka 1935 kutafuta mafuta, pembeni ya mpasuko wa Little Grand Wash, na hadi leo hurusha maji baridi yanayosukumwa na hewa ukaa. Kando ya mpasuko huo kuna vichuguu vya kalsaiti vya kale, baadhi vya zaidi ya miaka 100,000. Vinywa viliziba, ndiyo, na maji yakatokea kwingine kwenye mpasuko ule ule. Kuziba sehemu moja kunapandisha presha jirani.

Halafu hewa ukaa ikiingia kwenye maji inayafanya kuwa na asidi, na karibu na chanzo inaweza kuyeyusha saruji ya kalsaiti iliyokuwepo kabla ya kuja kuganda mbali zaidi na juu zaidi. Kwa hiyo mradi mmoja unaweza kufungua chini na kufunga juu. Kwenye eneo la Magadi na Natron, hewa ukaa kutoka kina kirefu sana inapanda kupitia mipasuko ya Bonde la Ufa hadi sasa, pamoja na madini yote yaliyoganda pale kwa muda mrefu.

---

Kisima Kirefu

Wakuu nimesoma uzi wote, nashukuru. Mimi natoboa visima. Nipeni la mkononi: nikiwa na mpasuko kwenye ramani nikae upande gani, na nitajuaje kama umefungwa bila kusubiri maabara?

---

Jiwe la Mto

La upande: tafuta maji yanatoka wapi, kaa upande yanakotokea, ndani ya ukanda wa nyufa lakini nje ya kiini. Kusini mwa California kuna vichaka vya miti pori ya jamii ya mitende kama Thousand Palms, zimepangwa kwenye mstari wa mpasuko wa San Andreas katikati ya jangwa, kwa sababu unga wa kiini umeyazuia maji ya ardhini yakapanda karibu na mizizi. Hatua chache upande wa pili, jangwa tupu. Chemchemi au mimea ya kijani iliyojipanga mstari ni ishara ya kuifuata, na tofauti ya kina cha maji kati ya visima vya pande mbili ni ushahidi wenye nguvu zaidi. Ukikuta vipande vya kuchimbia vinatoka na kalsaiti nyingi na maji hayapatikani, umeingia kwenye nyufa zilizozibwa; kwenda mita kadhaa zaidi mara nyingine kunakufikisha kwenye nyufa changa zilizozikata zile za zamani, basi andika kila kina unapoona madini hayo na kila kina maji yanapoongezeka.

La kujua kama umefungwa: fanya jaribio la kupampu, usiishie kwenye saa mbili. Pampu kwa kiwango kisichobadilika, pima kushuka kwa maji, chora kwenye karatasi ambayo muda umepangwa kwa logi, yaani kila hatua sawa ni muda mara kumi ya uliotangulia. Mwanzoni utapata mstari ulionyooka. Mvuto wa pampu ukifika kwenye mpasuko uliofungwa, mstari utakunjika na mteremko wake utaelekea kuwa mara mbili ya ule wa kwanza, kwa sababu upande mmoja haukuletei maji tena. Mstari ukilala na kushuka kukakaribia kusimama, mpasuko unakulisha. Ukikunjika kidogo lakini usifike mara mbili, unavuja. Na kama una nafasi ya kuweka kisima cha kupimia upande wa pili wa mpasuko, kiweke hicho kabla ya kingine chochote: kisipotikisika siku nzima ya kupampu, umepata jibu la kukatiza. La kupanda na kushuka sambamba na mpasuko bado utalitafuta kwenye joto na chumvi ya maji unayoyatoa, ukiyapima mwanzoni mwa jaribio na tena mwishoni.

---

Kisima Kirefu

Nimenakili mkuu. Nina jaribio la saa 24 mbele yangu na kisima cha zamani upande wa pili wa mpasuko. Nikimaliza nitaweka mchoro hapa tuusome pamoja.